Kitambaa Kilichotazama Ziwa

Sikumwamini tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo uzeeni. Alishuka kwenye lori la misheni na sanduku moja na mwavuli, akampa kila mtu mkono, hata mpishi na mfagiaji, kisha akatabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa materinite, ndivyo tulivyoiita hospitali yetu ya kuzalia, aproni yangu imejaa madoa ya dawa ya vidonda. Nikajisemea moyoni: huyu naye atakimbia.

Nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka ule wa uhuru, askari walipowaasi wakubwa wao, wazungu wa mji wetu wa Uvira, kando ya ziwa, walivuka kwenda Burundi kwa haraka, wengine wameacha chakula mezani. Mimi siku hiyo nilikuwa kitandani katika materinite hiyohiyo, nina uchungu wa mtoto wangu wa kwanza. Mkunga wetu Mbelgiji alinishika bega, akaniambia nitulie, anakwenda kuchukua glavu. Hakurudi. Mtoto alitanguliza miguu, na hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya, akafa kabla kichwa hakijatoka. Glavu zenyewe zilikuwa pale mezani, karibu na kichwa changu. Nilizitazama muda wote ule.

Nilipopata nguvu niliomba kazi palepale. Watu walishangaa. Nilitaka kujifunza kila kitu cha chumba kile ili nisije nikalala tena nikimngoja mtu. Nikawa msaidizi wa mkunga, lakini mkunga mwenyewe hakuwepo mpaka alipokuja huyu msichana na mwavuli wake.

Walituambia anatoka Irlandi. Hakuna aliyejua Irlandi iko wapi. Mume wangu alikuwa mpakiaji wa mizigo katika bandari ya Kalundu, na kwa sababu hiyo alijiona anaijua dunia nzima. Alisema nchi hiyo haipo.

"Ni Babelge bale bale," aliniambia. "Banabadilisha jina tu, juu banajua hatubapendi."

Nikaona ana hoja. Hata hivyo kulikuwa na mambo ambayo hayakukaa sawa. Kifaransa chake kilikuwa kibaya kuliko changu, anakiongea kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Wabelgiji walikuwa wakikaanga viazi ulaya. Huyu alivinunua kwa akina mama waliovishusha kutoka milimani kule kwa wafugaji, akavichemsha na maganda yake, akavila na siagi na chumvi, peke yake, macho yamefumbwa. Nikamwambia mume wangu. Akafikiri, akasema mtu aliyefundishwa upelelezi vizuri anaweza kujifunza hata kula viazi.

Siku moja tulikuwa tunachemsha vyombo, nikamuuliza bila kuzunguka. Kila mtu alimwita Madamuazeli, yaani bibi asiyeolewa kwa Kifaransa, nami nilimwita hivyo.

"Madamuazeli, juu ya nini ulikuja huku?"

"Kutafuta kazi, dada," akajibu. "Kwetu kazi haiko. Kaka yangu anachimba barabara kwa Bangereza. Dada yangu anafagia maofisi Amerika. Benye banabaki ni bazee na ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikaweka koleo chini. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia mzungu aliyeondoka kwao kutafuta kazi. Niliowajua mimi walikuja kutafuta pamba, dhahabu, na watu wa kuwabebea. Kisha akaongeza kwamba nchi yao pia ilitawaliwa, kwa mamia ya miaka, na kwamba bibi yake alipigwa shuleni kwa kuongea lugha ya mama yake.

"Mulitawaliwa na nani?"

"Na bazungu," akasema, naye akaanza kucheka.

Hapo shaka yangu ilizidi. Nilijua watu wanaotaka kitu kwako huanza kwa kukuambia wao pia waliteseka. Mume wangu alipiga goti lake kwa furaha nilipomsimulia. "Balibatawala," alisema, "na bako beupe namna hii!"

Kazi aliijua, siwezi kumnyima hilo. Kiswahili alijifunza kwa akina mama waliokuwa wakizaa, kwa hiyo maneno yake ya kwanza yalikuwa pumua, sukuma, usisukume bado, karibu. Alikwenda sokoni akiwa na maneno hayo tu na akarudi na samaki. Wanawake wa mtaa wetu wa Mulongwe walimpenda upesi, wakaja hata wa kutoka Katogota, wamelala njiani. Mimi nilimpa vyombo, nilimshikia taa, nilifuata kila anachofanya kwa mikono yake, nikakiweka akilini. Nilisema atakapokimbia angalau atakuwa ameniachia ujuzi.

Jambo moja lilinishtua kuliko mengine. Aliniambia kwamba zamani kwao, kijana akiwa anaondoka kwenda nchi za mbali, majirani walikusanyika nyumbani kwake usiku wa mwisho, wakakaa, wakalia, wakaimba, kwa maana walijua harudi. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha karibu kila mahali, lakini mama yake alimfanyia.

"Hayo ni matanga," nikamwambia.

"Ndiyo, matanga."

"Na weye ulikuwa umekaa pale, unabasikiliza?"

"Nilibapikia chai," akasema.

Nilimwonea huruma, kisha nikajikemea. Mtu ambaye wamekwisha kumlilia matanga, nikawaza, ni kitu gani kitamzuia kuondoka pengine pote?

Nikapata mimba ya pili. Sikumwambia mtu mpaka ilipojionyesha yenyewe. Yeye ndiye aliyeniona kwanza, nikiwa nimeinama kuokota beseni, akaniketisha, akanipapasa tumbo, akaniuliza habari za yule wa kwanza. Nilimweleza yote, na habari ya glavu nikaieleza polepole huku nikimtazama usoni. Hakutetea mtu. Alisema, "Minye nitakuwa hapa." Nikamjibu asante. Moyoni nilisema hata yule mwingine alinishika bega.

Basi tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu la kuchunguza. Mume wangu na wenzake wa bandarini walitaka kujua kama ni mpelelezi. Mimi sikujali. Nilitaka kujua kama ana mipango ya kuondoka kabla mtoto wangu hajatoka, na kila alichokifanya nilikipima kwa kipimo hicho. Akifua nguo nyingi siku moja, nilijiuliza kwa nini. Akitembea hadi ufukweni asubuhi na kutazama ng'ambo, jua likichomoza juu ya milima ya Burundi, nami niko nyuma ya dirisha.

Huo ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru, na hali ya bonde la Ruzizi ilikuwa imeanza kunuka. Watu wa Luvungi na Bwegera walikuja wakisema vijana wanapotea nyumbani, wanapanda milimani, wanarudi na maneno makali juu ya serikali. Hata pale Mulongwe, fundi wa baiskeli aliyekuwa akitengeneza baiskeli ya mume wangu alianza kuitwa mkuu, na vijana wakakaa kibandani kwake mchana kutwa bila baiskeli yoyote ya kutengeneza.

Ndipo, siku ya mwisho ya Januari, akatandaza kitambaa.

Nilikiona jua linapozama nyuma ya mlima. Kilikuwa kitambaa cheupe, kirefu kama mkeka wa mtoto, amekitandaza juu ya kichaka nyuma ya materinite, upande unaotazama ziwa. Hakikuwa kimefuliwa, kilikuwa kikavu. Nilimwuliza mfagiaji, akasema Madamuazeli amekataza kisiguswe mpaka asubuhi. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka mtoni na ndoo zao walisimama wakakitazama, kisha wakatazama ziwa, kisha wakatazamana. Hakuna aliyehitaji kusema. Mtu anayeishi kando ya ziwa akitandaza kitu cheupe jioni, ng'ambo kuna mtu anayekiona.

Mimi niliona mashua. Niliiona kabisa katika akili yangu, inakuja kumchukua. Sikupata usingizi mzuri, na kulipopambazuka nikawa nipo pale kichakani kabla yake. Kitambaa kilikuwa kimelowa umande. Akaja na nywele zake bado hazijachanwa, akaniona, akatabasamu.

"Ulikuwa unamuita nani?" nikamwuliza.

Akaniambia kwamba usiku ule ni mkesha wa mtakatifu mmoja wa kwao, mwanamke. Akina mama wa kwao huacha kitambaa nje, naye mtakatifu akipita hukigusa, na umande wa usiku huo ukiingia humo kinakuwa na nguvu. Baadaye hutumika kwa mwanamke anayezaa kwa shida. Pia kwa ng'ombe.

"Kwa ng'ombe?"

"Ng'ombe mwenye anashindwa kuzala. Unamuwekea ku mugongo."

Mimi ni Mprotestanti. Kwetu watakatifu hawatembei usiku wakishikashika vitambaa vya watu. Lakini habari ya ng'ombe ilinitatiza. Nikawaza, mtu anayetunga uongo hawezi kukumbuka kumtia ng'ombe ndani yake. Halafu nikawaza tena: isipokuwa awe mwerevu sana. Akakikunja kitambaa, akakiweka kabatini pamoja na mashuka. "Iko ya weye," akaniambia. Nikaenda kazini.

Habari ilifika Kalundu kabla ya mchana. Mume wangu alirudi akisema mjini kote wanajua kwamba mzungu wa materinite anaita ndege. Wengine walisema manowari.

Miezi ile ya mvua ilipita vibaya. Tumbo langu lilikua na hofu ikakua nalo. Kisha vita vikashuka bondeni kwelikweli. Tulisikia milio kutoka kaskazini, na watu wakapita na magodoro vichwani wakielekea kusini. Siku moja asubuhi misheni ilipeleka ujumbe kwa wazungu wote kwamba mashua inawangoja bandarini, wafike kabla ya saa sita mchana.

Nilimwona Madamuazeli kwa dirisha. Alikuwa amebeba mfuko mkubwa wa turubai, anashuka barabara ya Kalundu kwa mwendo wa haraka, na hakugeuka. Hakuniaga. Nilisikia hasira imenipanda, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho ni kwamba sikushangaa hata kidogo. Nikaingia katika chumba cha kuzalia, nikatoa glavu, nikazipanga mezani moja baada ya nyingine. Nikafikiri nani kati ya wafagiaji anaweza kushika mtoto asimwangushe.

Saa tisa alirudi. Uso wake ulikuwa mwekundu wa jua, na ule mfuko ulikuwa umemlemea hata anatembea upande. Aliumwaga juu ya kitanda: pamba, sindano, sabuni, chupa za dawa, bandeji, hata mkasi wa daktari.

"Nimebaomba byote pale ku mashua," alisema. "Bo banaenda. Dawa itafanya nini ng'ambo?" Kisha akanitazama. "Dada, unalia nini?"

"Silii," nikasema.

Nasema ukweli, hata hapo nilibaki na shaka kidogo. Jioni nilimwuliza mume wangu kama mashua ilijaa. Akasema viti vilibaki. Kisha akasema hata yeye hamwelewi mwanamke yule.

Waasi waliingia mjini wakiwa na majani vichwani. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ambayo, walisema, hugeuza risasi kuwa maji pia. Siku ya pili au ya tatu yake wakaja materinite, na mbele yao alikuwa fundi wa baiskeli. Mimi uchungu ulikuwa umenianza tangu asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la barazani, nimejishika kiuno.

"Madamuazeli," alianza, bila ukali, "batu bote baliona. Ulitandika kitambaa, kinaangalia ziwa. Ulikuwa unaita nani?"

Madamuazeli alimweleza kama alivyonieleza mimi, pamoja na ng'ombe. Vijana wawili walicheka. Fundi akaomba akione. Madamuazeli akakileta, akakifungua mbele yake, naye fundi akakishika kwa ncha za vidole.

"Basi ni dawa," akasema.

"Kwetu banasema ni dawa."

Nikaona uso wake unabadilika. Jambo ambalo mimi sikulikubali kwa miezi yote ile, yeye alilikubali mara moja. Mwenyewe alikuwa na kamba ya dawa shingoni na nyingine mkononi. Kitambaa, umande, mwanamke anayepita usiku, vyote hivyo vilikuwa na maana kwake. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Unipatie kipande. Nitafunga hapa. Kesho tunaenda ku vita."

Mungu wangu, nilisali ampe. Kitambaa ni kitambaa. Upana wa kidole ungetosha, na wao wangeondoka, na mimi ningezaa. Nilimtazama kwa macho yangu yote.

"Hapana," akasema.

Fundi aliuacha mkono wake palepale.

"Haizuie risasi. Iko ya bamama benye kuzala, na ng'ombe. Nikikupatia, utasimama mbele ya bunduki juu ya kitambaa yangu, na utakufa. Hapana, sitakupatia."

Kijana mmoja nyuma alishusha panga kutoka begani. Fundi alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu aliyemjua pale.

"Mama, weye unafanya naye kazi. Uniambie kweli. Iko Mubelge ao hapana?"

Nilikuwa nimekwisha kumchunguza zaidi ya mpelelezi yeyote wa serikali. Nilijua anavyokula, anavyolala, anavyotazama maji. Vyote havikunipa jibu. Jibu nilikuwa nimelipata sasa hivi, pale barazani, na lilinipata ghafla pamoja na uchungu mwingine. Yule wa glavu alinijibu vizuri. Waongo wote niliowahi kuwajua walinijibu vizuri, kwa upole, neno nililotaka kulisikia.

"Mubelge angekupatia," nikamwambia.

Fundi alinitazama, akamtazama Madamuazeli, akakikunja kile kitambaa mwenyewe, vibaya, kama wanaume wanavyokunja, akamrudishia.

"Na weye, mama, unazala lini?"

"Leo," nikasema, "kama mutatoka humu."

Wakatoka. Fundi aliagiza Madamuazeli asivuke lango bila ruhusa yake, na kijana mwenye panga akarudisha panga begani.

Mtoto alitanguliza miguu. Nilijua kabla Madamuazeli hajaniambia, nilisoma katika uso wake. Aliniwekea kitambaa chini ya kiuno, akaniambia maneno yale yale ya siku zake za kwanza: pumua, usisukume bado. Kisha akageuka.

"Unaenda wapi?"

"Ninachukua glavu."

Nilimkamata aproni kwa mikono miwili. "Hapana," nikamwambia. Zilikuwa hatua chache tu, juu ya meza niliyoipanga mwenyewe, lakini sikumwachia. Alinielewa. Alinawa kwa sabuni katika beseni lililokuwa karibu, mimi nimeishika aproni yake, akafanya kazi yote kwa mikono mitupu, mimi nimeishika. Binti yangu alipolia, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi hata ikabidi anifungulie kimoja kimoja.

Madamuazeli hakukaa sana baada ya hapo. Ndege za serikali zilianza kuja, na vijana waliokuja kutoka mbali hawakutaka kusikia habari za Irlandi wala za ng'ombe. Fundi mwenyewe alikuja asubuhi moja na kusema akibaki watamwua. Alimpandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, mwavuli ukiwa mapajani, ampeleke hadi mpakani Kavimvira. Kabla ya kupanda, Madamuazeli alikata kitambaa katikati kwa mkasi wa daktari, akanipa nusu.

"Utarudi?" nikamwuliza.

"Batu ya kwetu habarudiake, dada," akasema. "Njo maana ya matanga." Safari hii aliniaga kwanza.

Fundi alirudi siku hiyo, akaniambia amevuka salama. Mwaka huohuo akaenda vitani na hakurudi tena. Sijui alikuwa amefunga nini mkononi. Posta ilikuwa imekufa zamani, na Irlandi, nchi ambayo kwa mume wangu haikuwepo, ikawa kweli haipo tena kwetu.

Binti yangu sasa ana watoto wake. Kila mwaka, siku ya mwisho ya Januari, jua likizama nyuma ya mlima, ninakitandaza kile kipande juu ya ua wangu, upande wa ziwa. Kimechakaa, unaweza kusoma gazeti kupitia hapo. Wajukuu wananicheka kwamba Mprotestanti mzima anamngoja mtakatifu wa Wakatoliki. Majirani hawacheki. Wamepitia vita vingi, wananitazama, wanatazama ng'ambo, kisha mmoja wao anatumwa aje aniulize ninampa nani ishara.

Madamuazeli hakuwa akimpa mtu ishara yoyote, sasa najua. Mimi ndiye ninayempa yeye.